Programu Haina Kosa: Kumbukumbu za Mtunga Programu Asiye Msanifu

Wahenga walinena kuwa mwenye macho haambiwi tazama. Mimi nina macho mawili yenye afya njema, na bado ilinibidi niambiwe nitazame. Aliyeniambia ni shangazi yangu, mchuuzi wa mboga katika soko la Voi, ambaye masomo yake yaliishia darasa la saba na ambaye hajawahi kumiliki tarakilishi. Nayaandika haya katika jarida la chama chetu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni deni: nilimkosea shangazi mbele ya watu, na msamaha niliomwomba faraghani haujanitosha. Ya pili ni kwamba kisa chenyewe, ingawa kinahusu programu ya tarakilishi, kinatugusa sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili pengine kuliko kinavyowagusa wataalamu wa mitambo.

Nilihitimu shahada ya kwanza ya ualimu mwaka 2019, masomo yangu yakiwa Kiswahili na Historia. Shule zote nchini zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nilikuwa mwalimu wa mkataba katika shule moja ya upili, na mkataba wenyewe ukafungwa pamoja na lango la shule. Nilirejea nyumbani mtaani Kaloleni, Voi, nikiwa na kipakatalishi kikuukuu nilichokinunua kwa mwanafunzi mwenzangu, vitabu vichache vya fasihi na muda mwingi kupita kiasi. Hata garimoshi la reli mpya, ambalo lilikuwa likipita kwetu tangu mwaka 2017, lilisitisha safari za abiria kwa miezi kadhaa, na mji uliozoea wasafiri ukawa kimya. Katika kimya hicho nilijifunza kutunga programu.

Nilikuwa nimesikia tangu chuoni habari za Ushahidi, programu ya wavuti iliyoundwa hapa Kenya mwezi Januari 2008, siku chache tu baada ya ghasia za uchaguzi kuzuka, ili wananchi waweze kutuma habari za maovu waliyoyashuhudia nazo zionekane kwenye ramani. Nilivutiwa na mambo mawili: kwamba jina la Kiswahili lilienea duniani hadi Haiti baada ya tetemeko la mwaka 2010, na kwamba kazi yenye manufaa makubwa kiasi hicho ilikamilishwa kwa muda mfupi. Nikajiambia kuwa jambo la msingi ni wazo. Mengine ni mapambo.

Kutunga programu kulinifaa kuliko nilivyotarajia. Msimbo uliniletea kumbukumbu za uchanganuzi wa sentensi: kila kipashio kina nafasi yake, na mabano yaliyofunguliwa sharti yafungwe. Nilijifunza lugha ya PHP, nikajifunza kuhifadhi data kwa MySQL, na kufikia mwisho wa mwaka 2021 nilikuwa nimewaundia watu wachache programu ndogo ndogo za wavuti, mmoja wao akiwa mwenye nyumba ya wageni kando ya barabara kuu ya Mombasa. Kila mteja aliniambia maneno yaleyale: "Inafanya kazi, lakini..." Kisha angetafuta neno, asilipate, na kunilipa. Nami sikumsaidia kulitafuta. Nilijua kuwa kurasa zangu hazikupendeza. Rangi nilizichagua kama mtu anayechota maharagwe gizani, vitufe nilivipanga popote palipobaki nafasi, na maandishi yalikuwa madogo ili mambo mengi yaenee katika ukurasa mmoja. Nilijitetea kuwa sikujaliwa kipaji cha kuchora.

Utetezi wangu ulikuwa na mizizi ya kitaaluma, na hapa naomba subira ya msomaji. Sote tulikutana na mjadala wa fani na maudhui katika mwaka wetu wa kwanza. Wako waliozifananisha na kikombe na chai: maudhui ni chai, fani ni kikombe kinachoibeba, na mnywaji anaweza kuvitenga viwili hivyo bila taabu. Wako waliowapinga wakisema kuwa fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja, na kwamba hakuna anayeweza kuutoa upande mmoja akabaki na thamani ya sarafu. Katika mtihani niliandika kuwa nakubaliana na wenye sarafu, kwa kuwa ndilo jibu lililopata alama. Moyoni nilikuwa mtu wa kikombe. Wavuti wenyewe ulionekana kuniunga mkono. Yaliyomo katika ukurasa huandikwa kwa HTML, na sura yake huandikwa kando kwa CSS, utaratibu uliopendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kufanywa kanuni rasmi mwaka 1996. Niliona ushahidi wa wazi kuwa chai na kikombe vimetengwa hata na mafundi. Niliandika chai kwa bidii. Kikombe nikakiacha kwa watakaojaliwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 shangazi alinieleza shida ya chama chao. Walikuwa akina mama 24, wengi wao wachuuzi wa mboga zinazoteremshwa kutoka Wundanyi na vilima vya Taita hadi joto la Voi. Kila wiki kila mmoja alitoa shilingi 200. Fedha zilikopeshwa wanachama kwa muda mfupi, na kila Disemba zilizokusanywa ziligawanywa ili zisaidie Krismasi na karo ya Januari. Shangazi alikuwa mweka hazina kwa miaka tisa. Kumbukumbu zote zilikuwa katika daftari lenye jalada jeusi, ambamo kila aliyekopa alitia sahihi au kidole gumba. Daftari lilikuwa limenyeshewa mara mbili na lilianza kuachana kurasa. Shangazi alitaka nimnunulie daftari jipya. Mimi nikamwahidi jambo kubwa zaidi.

Programu niliikamilisha kwa majuma matatu. Mweka hazina angeifungua kwenye rununu yake, aandike michango na mikopo, nayo ingejumlisha yenyewe. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Kiswahili, niliapa kuwa halitaonekana neno la Kiingereza hata moja. Palipohitajika namba ya siri niliandika "Nywila". Kitufe cha kuhifadhi nilikiita "Wasilisha". Mkopo ulipokwisha kuandikwa, ulijitokeza ukurasa wa "Muhtasari wa Muamala" wenye vitufe viwili vya kijivu, vya ukubwa mmoja, vimebanana: "Rejea" upande wa kushoto na "Batilisha" upande wa kulia. Batilisha ilifuta mkopo. Chochote ulichokibonyeza kati ya viwili hivyo kilikurejesha katika ukurasa uleule wa mwanzo, bila neno. Nilijivunia istilahi zangu kama mtu aliyetunga utenzi. Shangazi aliniuliza, "Nywila ndiyo nini, mwanangu?" Nikamweleza, akacheka, nami nikalichukua cheko lake kuwa la furaha. Nikamshauri aliweke daftari jeusi kabatini.

Mkutano wa mgao ulifanyika Disemba chini ya mwarobaini ulio nyuma ya maduka. Programu ilionyesha kuwa chama kinapaswa kuwa na shilingi 196,400. Akaunti ilikuwa na shilingi 168,900. Upungufu wa shilingi 27,500 ulisomwa kwa sauti na katibu, kisha ukasomwa tena polepole kana kwamba usomaji wa pili ungeupunguza. Shangazi alisema kuwa amewakopesha wanachama sita fedha hizo, na kwamba kila mkopo aliuandika. Katika programu haukuwepo hata mmoja. Aliwataja wote sita kwa majina. Wanne walikubali papo hapo. Wawili walisema hawakumbuki kukopa, au labda walikwisha kulipa. Wakazungumza Kidawida kwa muda, kwa sauti za chini, kisha Bi. Mwenyekiti akanigeukia na kusema kwa Kiswahili, kwa heshima zote, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyeitengeneza. Je, inaweza kukosea?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeikagua programu ile usiku uliotangulia na kuona kuwa kila hesabu ni sahihi na kila mstari wa msimbo unatenda ulivyoamriwa. Nikasema, "Programu haina kosa."

Sikuwa nimewaza maana ya maneno hayo kwa waliokuwa wameketi. Mama mmoja mzee, aliyekuwa akimenya chungwa, aliniuliza bila kuinua kichwa, "Basi kosa liko wapi?" Hakuna aliyemjibu. Shangazi alijifunga leso yake upya, akaitazama ardhi nyekundu ya kwetu, na hakusema neno mpaka mkutano ulipofungwa. Mwanamke aliyeaminiwa kwa miaka tisa alirudi nyumbani akiwa mshukiwa, na shahidi aliyemtia hatiani nilikuwa mimi.

Usiku huo sikulala. Nilifungua kumbukumbu za seva, ambazo huandika kila ombi linalopokewa pamoja na saa yake. Niliona mara sita, katika miezi tofauti, mkopo ukihifadhiwa na kisha, baada ya sekunde chache, ukifutwa. Mara zote sita ilikuwa kati ya saa sita na saa tisa mchana. Kumbukumbu zilinipa tarehe na saa tu. Jina la mkopaji na kiasi cha fedha havikuwemo, kwa kuwa sikuwa nimefikiria kuwa ufutaji unastahili kukumbukwa. Daftari jeusi lingekumbuka: mstari uliokatwa kwa kalamu bado husomeka.

Asubuhi nilikwenda kwa shangazi kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kuwa nije sokoni mchana, wakati wa jua kali, nikae kwenye kigoda chake. Nilipofika alinikabidhi rununu yake, ambayo kioo chake kilikuwa na ufa wa tangu zamani, na akaniambia nimwandikie mkopo wa mfano. "Tazama," akasema. Nilitazama. Jua la Voi lilikuwa limemeza rangi zangu zote. Vitufe viwili vya kijivu juu ya usuli mweupe vilikuwa kama moshi juu ya maziwa. Niliona umbo la vitufe lakini sikuweza kuyasoma maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu. Nilimuuliza kwa nini alibonyeza cha kulia. Alijibu kuwa rununu yake inapomuuliza jambo lolote, kitufe cha kukubali hukaa kulia. "Na siku ulipoweza kulisoma neno," nikamuuliza, "ulilielewaje?" Akasema alidhani batilisha ni kumalizia.

Hapo ndipo nilipolipata jibu la swali la yule mama mzee. Kosa lilikuwa katika programu. Kwa shangazi, programu ni kile kitufe. Hana programu nyingine iliyofichwa nyuma yake, yenye mantiki safi na mabano yaliyofungwa, ya kumfariji. Nilikuwa nimemwandalia chai nzuri katika kikombe kilichotoboka, kisha nikashangaa kuwa hakuinywa.

Tangu siku hiyo nimejifunza machache, na nayataja hapa kwa ajili ya mwenzangu yeyote anayetunga programu bila kipaji cha usanifu. Sijawa msanifu. Nimekuwa mtu anayejua udhaifu wake na anayeuzingira kwa sheria.

La kwanza linahusu sheria zenyewe. Wengi wetu si washairi wa kuzaliwa, na bado tulipoagizwa tutunge tarbia katika somo la ushairi tuliitunga. Tuliweza kwa kuwa tulipewa arudhi: mishororo minne katika kila ubeti, mizani nane katika ukwapi na nane katika utao, vina vya kati na vya mwisho. Kaluta Amri Abedi alizichapisha sheria hizo mwaka 1954 ili anayeanza apate pa kushika. Shairi la mwanafunzi halitafikia la Muyaka, lakini likizifuata sheria halitachechemea. Usanifu wa kurasa nao una arudhi yake, nami sikuwa nimeitafuta. Mwaka 2011 msanifu na mtunga programu wa kampuni ya Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, waliwapa watu wote bila malipo mkusanyiko wa vipashio vya kurasa uitwao Bootstrap, unaougawa ukurasa katika safu 12, pamoja na vitufe na fomu zilizokwisha kupimwa. Safu zile kwangu ni mizani. Aidha, shirika la W3C, linalotunga kanuni za wavuti, lilitoa mwaka 2008 mwongozo unaotaka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake iwe angalau 4.5 kwa 1. Nilipoipima rangi yangu ya kijivu juu ya nyeupe nilipata 2.3 kwa 1. Hakikuhitajika kipaji kuligundua hilo. Ilihitajika hesabu, ambayo siku zote nilidai kuwa naijua.

Najua kuwa kuna atakayenikumbusha kuhusu Euphrase Kezilahabi na *Kichomi* ya mwaka 1974, na kusema kuwa arudhi si pingu. Nakubali. Hata hivyo, anayeivunja sheria kwa makusudi anaijua, naye hujibu kwa kila alichokivunja. Mimi nilikuwa nikivunja vyungu gizani na kuviita mtindo huru.

La pili nililiona mwilini mwa shangazi. Leso ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji ulio katikati, na ina jina, yale maneno machache yanayosomeka hata na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nimeziona leso tangu nilipobebwa mgongoni, na sikuwahi kujiuliza kwa nini zimepangwa hivyo. Pindo hulipa jicho mpaka. Mji hulipa pa kutua. Jina husema jambo moja tu, kwa herufi kubwa. Niliporudi kuiunda upya programu ya chama, niliacha nafasi tupu pembeni mwa kila ukurasa kama pindo, nikaweka katikati jambo moja ambalo ukurasa huo umekuja kulifanya, na juu yake sentensi moja fupi. Kitufe ni kimoja, kipana kama kidole gumba, rangi ya buluu iliyokoza. Kufuta kumehamishiwa ukurasa mwingine kabisa, nako huuliza kwanza. Kilichofutwa hakipotei: hukatwa mstari na kubaki kikisomeka, kama katika daftari.

La tatu ni majibu. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwezi Machi 2007, mamilioni ya Wakenya ambao hawakufundishwa na mtu wamekuwa wakituma fedha kwa menyu ya maandishi matupu, isiyo na picha wala pambo. Shangazi huituma bila wasiwasi, nami nilijiuliza ni kwa nini asiyeweza kutumia ukurasa wangu anaitumia hiyo. Jibu ni kwamba huko huulizwa jambo moja kwa wakati mmoja, na kila akimaliza hurudishiwa ujumbe unaomwambia ametuma kiasi gani, kwa nani, na amebakiwa na nini. Mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, katika kanuni zake kumi za mwaka 1994, aliitanguliza kanuni hiyo: mtumiaji aambiwe daima kinachoendelea. Ukurasa wangu ulimrudisha shangazi mwanzoni bila neno, kama mtu anayeamkiwa asiitikie. Kwetu huo ni utovu wa adabu. Siku hizi programu humjibu kwa sentensi kamili inayotaja jina la mkopaji, kiasi na tarehe, na mkopaji mwenyewe hupata ujumbe kwenye rununu yake.

La nne ndilo linalotuhusu zaidi, nalo ni maneno. Nimeitumia katika makala haya istilahi ya tarakilishi, na kipakatalishi, na rununu, kwa kuwa naandikia watu wanaozijua na kuzipenda. Sizibezi. Bila juhudi za kuunda istilahi hatungeweza kufikiri kuhusu mambo haya kwa lugha yetu, na kazi kama ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, isingewezekana. Hata hivyo, kitufe si insha. Anayesoma insha ana muda wa kufungua kamusi. Anayebonyeza kitufe ameshika sukumawiki kwa mkono mmoja na chenji ya mteja kwa mwingine. Neno "nywila" halikumsaidia shangazi, ilhali "namba ya siri" analijua tangu alipoanza kutuma fedha. "Batilisha" ni neno zuri la mahakamani, na "futa" ni neno la ubao wa darasa la kwanza. Kwenye kitufe kile, la pili lingeokoa shilingi 27,500. Nilikuwa na udhaifu wa rangi na wa umbo, na huo ningeweza kuusingizia kukosa kipaji. Maneno yalikuwa taaluma yangu. Niliyakosea kwa sababu niliyachagua ili yanipendeze mimi na wakaguzi wangu wa kufikirika, na sikumwazia hata mara moja yule aliyetakiwa kuyasoma.

Siku hizi, kabla ya kuandika neno lolote kwenye ukurasa, hulitamka kwa sauti mbele ya mtu na kumwomba aniambie kitatokea nini akilibonyeza. Huwakalisha watu watano, mmoja baada ya mwingine, nikawapa kazi ya kufanya, nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ulimi hutaka kueleza, na kila unapotaka kueleza ujue umeona dosari.

Naurudia mjadala wa fani na maudhui nikiwa mwanafunzi wa uzamili, nikisoma tahakiki za watu walioufikiria kwa kina kuliko mimi. Siku hizi nasadiki, bila kutazamia alama, kuwa wenye sarafu walisema kweli. Mkopo ambao aliyeuandika hawezi kuuona haujaandikwa. Shairi ambalo msomaji hulielewa kinyume, na mtunzi akajibu kuwa shairi halina kosa, lina kosa. Nimewasikia watunzi, na hata wahakiki, wakilitoa jibu hilo katika makongamano yetu, na kila nikilisikia naukumbuka mwarobaini wa Voi.

Yamkini msomaji angependa kujua hatima ya mambo. Katika mkutano wa Januari 2023 nilisimama tena mahali palepale na kueleza kuwa kosa ni langu, nikiwaonyesha saa na tarehe za ufutaji. Akina mama walinisikiliza na wengi walielewa. Wale wawili walishikilia usemi wao, nami sikuwa na karatasi ya kuwajibia. Mikopo yao miwili ilikuwa shilingi 7,000. Shangazi alikuwa amekwisha kuzilipa kutoka katika mgao wake ili chama kisivunjike. Nilimrejeshea kwa awamu tatu. Nilitarajia akatae, kama shangazi wengi wangefanya kwa mtoto wa ndugu yao. Alizipokea, akazihesabu kila mara, na kuziandika.

Uweka hazina aliuachia mwingine na hajakubali kuurudia ingawa ameombwa. Chama kinatumia programu niliyoiunda upya, na mweka hazina mpya husema ni nyepesi. Pembeni yake lipo daftari jipya lenye jalada jeusi, ambamo kila anayekopa bado hutia sahihi au kidole gumba. Nililinunua mimi mwenyewe katika duka la vitabu la Voi, nikiwa nimechelewa mwaka mzima.